Sita Nukta Moja

Alfajiri, kabla jogoo hajamaliza zamu yake, simu ya Tukuswiga ilianza kutetemeka chini ya mto. Watu wa sukari walikuwa wameamka.

Aliyefungua siku alikuwa Mama Fides wa Tunduma, mwenye kundi lao la simu la wagonjwa wa sukari. Sauti yake ilikuwa ile ile anayoitia wateja wa vitenge pale mpakani. "Mwaiseni, karibuni, wapendwa wangu! Mungu katuamsha. Haya, namba zenu!" Hapo namba zikaanza kushuka kwenye kioo, kila moja na mwenyewe. Tano nukta tisa. Sita. Sita nukta tatu. Chini ya kila namba yakafuata maua na vidole gumba.

Tukuswiga alivuta blanketi juu ya kichwa ili mwanga usimwamshe mama yake kwenye kitanda cha pili, akaandika 6.1, akatuma. Maua yakaja. Kisha akainuka upesi, maana mkojo ulikuwa umembana tena, akatoka nje kwenye baridi ya Itaka. Aliporudi akalikamata jagi la maji, akanywa mpaka likabaki tupu, na kiu ikabaki pale pale kama mgeni asiyejua kuaga.

Hakuwa amejipima. Vijiti vya kupimia vilimwishia wakati kahawa inachumwa, na sasa mibuni ilikuwa imeshatoa maua mengine. Kichupa cha insulini nacho kilikuwa kinaelekea mwisho. Alikuwa akijidunga nusu asubuhi, ya jioni anairuka. Dawa ilipatikana hospitali ya mjini tu. Unapanda bodaboda hadi kwenye lami, kisha gari, kisha unakaa foleni, na siku nyingine ukifika dirishani unaambiwa imeisha, rudi wiki ijayo.

Ugonjwa ulimpata akiwa darasa la tano. Alianza kusinzia darasani, akawa anaomba ruhusa ya kutoka kila mara mpaka wenzake wakamwita Bomba. Nyumbani wakasema karogwa. Wakazunguka naye kwenye maombi, wakazunguka naye kwa mtu fulani wa mizizi, hadi siku alipozimia shambani ndipo akafikishwa hospitali. Alipopata nafuu wenzake walishafanya mtihani wa darasa la saba, na yeye hakurudi tena. Kusoma alijua, ila kwa kufuata kidole. Mbele ya watu sauti yake ilikuwa inaishia kooni.

Ndiyo maana alilipenda kundi. Mama Fides alimwingiza siku walipokutana foleni, na kundi halikumdai maneno. Lilimdai namba. Mwenye digrii na aliyeishia darasa la tano, wote waliandika namba na nukta katikati.

Siku ya kwanza aliandika namba ya kweli. Kumi na tisa.

Kundi likalipuka. Huyu anauliza umekula nini, yule anasema acha ugali, mwingine anatuma picha ya majani ya kuchemsha. Mzee Zabron wa Mlowo, fundi cherehani mstaafu na bingwa wa utani, akasema kwa sauti, "Binti, hiyo siyo sukari. Hilo ni duka la jumla." Vicheko vikajaa kioo kizima. Halafu Mama Fides, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mwanangu, usitutie hofu asubuhi asubuhi. Hapa tunatiana moyo. Watu wakisikia vilio watalikimbia kundi, nani atabaki?"

Tukuswiga alizima simu, akajifunika. Asubuhi iliyofuata akaandika sita. Maua yakamiminika, na Mama Fides akamtangaza Nyota wa Asubuhi. Tangu siku hiyo hakuandika tena namba ya kweli.

Mtu wa huko hatamshangaa. Huko ukiulizwa habari, unajibu nzuri kwanza. Hata kama maiti yumo ndani na wanawake wameshakaa chini, utasema, "Salama tu, ila tumefiwa." Hiyo nzuri ni heshima, na habari yenyewe huja nyuma yake, polepole, mgeni akishakaa. Watu wa kundi waliijibu namba ya asubuhi kama wanavyojibu salamu. Shida ni kwamba namba haikuwaachia pa kuweka hiyo "ila".

Mwezi wa kumi na moja Mama Fides alituma ujumbe mrefu wa sauti, akihema kama aliyepanda mlima.

"Wapendwa, sikilizeni. Kuna mradi umekuja. Wanaleta jokofu, insulini, mashine za kupimia na nesi aliyesomea sukari. Wanaweka kituo kimoja tu. Ama Itaka, ama kile kituo cha kule bondeni. Wiki ijayo wanakaa mjini kusikiliza wagonjwa wa pande zote mbili. Penye uhitaji zaidi ndipo wanapoweka. Na sisi, mayo wee, sisi ndio tuna kundi! Wale hata simu hawana. Katibu wetu Clever ataandaa namba zetu zote. Na wa kusema kwa niaba ya Itaka ni Nyota wetu, Tukuswiga."

Tukuswiga alirudia kuusikiliza ule ujumbe, akidhani amesikia vibaya. Kisha akaenda jikoni, ambako mama yake, Nesta, alikuwa anapepeta maharage.

"Mama, wameniteua nikaseme mjini."

"Nani? Wewe?" Nesta aliuacha ungo mapajani. "Wewe unayejificha nyuma ya mlango mchungaji akija?"

"Ndiyo mimi."

"Mungu naye ana utani wake." Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kung'aa. "Yaani dawa iwe hapa hapa Itaka? Unatoka hapa na kandambili zako, unachomwa, unarudi, uji haujapoa?"

"Wanasema hivyo."

"Basi utasema. Hata kwa kulia, utasema."

Jioni ile Erica alimpigia. Erica alikuwa mkulima wa Mbebe, kule milimani Ileje, mke wa Osward na mama wa mtoto mmoja. Walijuana kwenye kundi, hawajawahi kuonana, lakini kila siku walitumiana sauti pembeni, na kwa Erica peke yake Tukuswiga alikuwa na mdomo.

"Hujambo Nyota!" Erica alianza kwa kebehi. "Nyota inayong'aa Mbozi nzima. Niambie dada, hiyo sita nukta moja yako unaiunga na nini? Maana mimi nikila kiazi kimoja tu naona giza."

Tukuswiga alicheka, kisha maneno yakamtoka. "Sipimi, Erica. Sina vijiti tangu zamani."

Halafu Erica akaangua kicheko hadi akakohoa.

"Afadhali! Nilidhani ni mimi peke yangu mtenda dhambi. Mashine yangu betri ilikufa mwezi wa saba. Naandika kwa kutazama mawingu. Kukiwa na ukungu naweka sita, jua likiwaka naweka tano na nusu."

"Na Mzee Zabron je?"

"Yule? Yule anaweka tano nukta tano tangu Pasaka. Hata saa mbovu inabadilika kuliko yeye."

Walicheka wote wawili, mmoja Itaka na mwingine Mbebe, mpaka machozi. Kicheko kikaisha ghafla. Erica aliuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Tuku, huko mkutanoni, Clever anapeleka nini?"

"Namba zetu."

"Hizi hizi?"

"Hizi hizi."

"Ee Bwana wangu," alisema Erica. "Tutaonekana wazima."

Pumzi yake ilikuwa fupi. Alisema dawa yake nayo iko ukingoni, na Osward alikuwa amekwenda kuitafuta akarudi mikono mitupu. "Mwambie Mama Fides kabla hamjaingia. Mimi hata kupanda hadi barabarani siwezi sasa hivi, magoti yamekuwa maji. Wewe ndiye unayekwenda. Mwambie."

Tukuswiga aliandika ujumbe kwa Mama Fides, kidole kikifuata herufi. Akaufuta. Akaandika mwingine. Ule wa pili ulisema, Shikamoo mama, naomba kuongea na wewe. Mama Fides alijibu hapo hapo. Marahaba Nyota wangu, tutaongea siku hiyo hiyo, usiogope, utapendeza.

Siku ya mkutano walikutana chini ya kibaraza cha ukumbi mmoja mjini. Mama Fides alikuwa amefika na furushi la vitenge vya aina moja, anagawa kwa kila mwanakundi ajifunge. Mzee Zabron alivaa suti ya kahawia aliyoishona mwenyewe. Clever, kijana muuza vifaa vya simu Tunduma na katibu wa kundi, alikumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga.

"Data ipo," alimwambia kila aliyepita. "Leo tunawamaliza na data."

Tukuswiga alimvuta Mama Fides pembeni ya ngazi. Ulimi ulikuwa umekauka, unagandana na kaakaa.

"Mama... zile namba."

"Zimefanyaje? Clever kazipanga vizuri, zina rangi."

"Siyo... siyo za kweli mama. Zangu. Na za wengine."

Mama Fides alimwangalia muda mrefu. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyemzika mumewe baada ya sukari kuula mguu wake kidole kwa kidole, na tangu siku hiyo alikuwa ameapa kwamba mtu wa sukari hatafia chumbani peke yake kwa aibu. Kundi lilikuwa mtoto wake. Alimfunga Tukuswiga kitenge kiunoni, akakikaza fundo.

"Mwanangu, hofu tu hiyo. Hata mimi nikisimama mbele ya watu naona kila nilichofanya ni uongo. Kunywa maji, twende."

Ndani, upande wa kushoto walikaa watu wa bondeni. Walikuwa wachache, hawakuwa na sare. Mzee mmoja alikuwa na bandeji kwenye kisigino, mwingine alishikwa mkono kwa sababu haoni vizuri, na mama mmoja alikuwa amekaa na sweta dogo la mtoto mapajani, hakuna mtoto ndani yake. Meza ya mbele alikaa daktari wa mradi, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti ya upole.

Bondeni walianza. Yule mama alisimama, akasema mtoto wake alikuwa anakojoa sana, wakadhani minyoo, na walipofika hospitali akawa ameshalala. Akaketi. Alimaliza hotuba yake kabla watu hawajakaa sawa kwenye viti.

Ikaja zamu ya Itaka. Clever alimulika ukuta mzima kwa namba. Zilipangwa kwa mistari, za kijani kibichi, mwezi kwa mwezi, jina kwa jina. Hakukuwa na nyekundu hata moja. Mama Fides alisimama kando ya mwanga ule, akasema, "Daktari, sisi ni watu tuliojipanga. Hakuna anayeficha ugonjwa hapa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tunasema, kila asubuhi."

Daktari aliinuka, akasogea ukutani. Alisoma kimya, mstari baada ya mstari, akageuka na uso wa furaha.

"Hongereni sana. Nasema kweli, wagonjwa wangu wa hospitali hawana namba kama hizi. Nyie ni mfano. Nitaomba hata mwende mkawafundishe wengine." Wanakundi wakapiga makofi. Mama Fides akapiga kigelegele. Daktari akasubiri kinyamaze, akaendelea polepole, kama mtu anayeweka mzigo chini. "Lakini mtanielewa. Jokofu ni moja. Siwezi kulipeleka kwa wanaoendelea vizuri, nikawaacha wanaozika."

Makofi yaliisha vipande vipande. Kuna waliokuwa bado wanapiga wakati wenzao wameshaelewa.

"Yuko wapi msemaji wa Itaka?" daktari aliuliza. "Tukuswiga. Huyu wa sita nukta moja."

Tukuswiga alisimama. Ukuta wa kijani ulikuwa unacheza. Aliwaza kandambili, na uji ambao haujapoa. Akamwona Erica, ambaye sura yake hakuijua, amekaa kwenye mkeka akiivuta pumzi. Akafungua mdomo, na safari hii sauti ilitoka, nyembamba, ikikatikakatika.

"Siyo kweli, daktari. Mimi sijipimi. Sina vya kupimia. Nachoma nusu. Tunaandika tu... tunaandika kama salamu. Wote tunaandika."

"Wote?" daktari aliuliza, akawageukia wenye vitenge. "Ni kweli hayo?"

Mzee Zabron aliangalia viatu vyake. Mama mmoja wa Tunduma akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alitoa mashine ya kupimia mkobani, akamchoma Tukuswiga kidole pale pale, akaisoma, akakunja uso. Haikuwa sita. Ilikuwa imezidi hata ile kumi na tisa ya siku ya kwanza. "Sasa wengine njooni," alisema. "Dakika moja tu. Tupime wote, nione."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Mzee Zabron alisema tumbo linamsumbua, akatoka kutafuta choo. Mwingine akasema kanywa soda njiani, kumpima sasa ni kumwonea. Wa tatu akasema yeye ni mtu mzima, mzee wa kanisa, hawezi kuchomwa mbele ya umati kama mtuhumiwa. Watu wa bondeni walikuwa wanatazama. Kwa kweli waliowafunga miguu ni wale watu wa bondeni, kwa kutazama kwao. Kila mmoja alikuwa amekaa miezi chini ya maua na vidole gumba, na sasa aambiwe avue hadharani, mbele ya wageni. Hakuna aliyenyoosha kidole.

Mama Fides ndiye aliyejitokeza. Uso wake ulikuwa umejaa jasho.

"Daktari, tusamehe. Mtoto huyu sukari imempanda, umeona mwenyewe. Sukari ikipanda mtu huchanganyikiwa. Anasema asiyoyajua."

"Mama!" alisema Tukuswiga.

"Kaa chini, mwanangu. Pumzika."

Daktari alivua miwani, akaisugua. "Nina karatasi inayosema mko wazima. Nina binti mmoja anasema si kweli. Nimewaomba vidole, mmekataa. Niandike nini? Nikiandika ninachohisi, waliotoa fedha wataniuliza ushahidi uko wapi. Na namba hizi kama ni za uongo, nitaaminije zile mtakazonipa kesho?"

Jokofu likaenda bondeni.

Kabla hajaondoka, daktari alimwita Tukuswiga kwenye gari, akamdunga, akampa kichupa kimoja cha insulini kutoka kwenye boksi la barafu. "Hiki ni cha kwako binafsi. Sina kingine cha kukupa. Uende hospitali wiki hii, usikose." Tukuswiga alipiga goti kushukuru. Aliporudi kibarazani hakukuta mtu, kila mmoja alikuwa ameshika njia yake. Clever peke yake alikuwa anakunja nyaya.

"Dada, ungeniambia mimi," alisema bila kumwangalia. "Ningezipaka nyekundu chache. Kazi ya dakika tano."

Usiku simu ilitetemeka mara moja tu. Alikuwa ameondolewa kwenye kundi.

Nesta hakumgombeza. Alimwekea maji ya kuoga, akakaa nje ya bafu, akasema kupitia ukuta wa mabati, "Ulisema?"

"Nilisema, mama."

"Basi."

Hakuongeza neno, na Tukuswiga alitamani angeongeza, hata tusi.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Erica. Alimpigia asubuhi. Erica alipokea, akauliza neno moja, "Linakuja?"

"Haliji. Limeenda bondeni."

"Haya." Pumzi yake ilikuwa nzito, ya haraka, kama mtu anayekimbia hali amelala. "Ulisema lakini?"

"Nilisema. Daktari akataka kuwapima vidole, hakuna aliyetoa."

"Ningekuwepo ningekitoa kidole changu. Ningevitoa vyote kumi." Akajaribu kucheka. "Tuku, mdomo wangu unanuka kama ndizi zilizooza. Osward anageukia ukutani. Ndoa imenishinda."

"Erica, twende hospitali. Mwambie Osward akubebe leo. Mimi nina kichupa, nitakugawia, nitakuletea."

"Utanileteaje? Uende mpaka Tunduma, upande mpaka huku? Na mvua hii, pikipiki hazipandi, barabara imekatika pale darajani. Wanasema wakishatengeneza kesho kutwa..." Alisimama kuvuta pumzi. "Nitakwenda kesho kutwa."

Tukuswiga alijaribu. Alikifunga kile kichupa kwenye kitambaa chenye maji, akafika kwenye lami, akafika mpaka njia panda ya kwenda Ileje. Madereva wakamwambia njia imefungwa, magari yote yamerudi. Alikaa kibandani pale hadi jua likaegemea, mvua ikaanza upya, akarudi Itaka na kichupa chake kifuani.

Kesho kutwa ilipofika, aliyepiga simu kwa namba ya Erica alikuwa Osward.

"Dada Tukuswiga? Habari za huko?"

"Nzuri, shemeji. Za hapo?"

"Salama," Osward alisema. Kisha akalia kama mtoto, na hakuongeza kitu, na hakukuwa na haja.

Walimzika Mbebe. Tukuswiga hakwenda, kwa sababu ya njia ile ile. Clever alimtumia picha ya tangazo lililowekwa kwenye kundi. Palikuwa na jina la Erica na mshumaa wa kuchora, na rambirambi zikashuka chini yake kwa wingi, pumzika kwa amani, mpambanaji wetu. Kisha, kwa kuwa ilikuwa alfajiri, chini ya rambirambi mtu alikuwa ameandika tano nukta tisa. Na mwingine sita. Na Mzee Zabron tano nukta tano.

Siku zikapita. Kichupa cha daktari kikashuka hadi katikati, kikashuka tena. Hospitali alikwenda, akaambiwa wiki ijayo, akaenda wiki iliyofuata, akaambiwa vile vile. Akaanza kuchoma nusu. Bondeni, walisema watu, jokofu limeshawashwa, lakini dawa yake ni ya wagonjwa walioandikishwa kule tu, na kule hakuwa na ndugu wa kumkalisha.

Ndipo Clever akapiga, mchana, wakati Nesta anapukuchua mahindi uani.

"Dada Tuku, vipi hali?"

"Nipo."

"Sikiliza. Kuna wafadhili wengine wanakuja mwezi wa pili. Hawa ni wakubwa. Wanataka makundi yaliyosajiliwa, wanagawa insulini moja kwa moja kwa wanachama. Majina yanafungwa Ijumaa."

"Niweke basi."

"Ndicho ninachopigia. Mama Fides yuko tayari kukurudisha. Hana kinyongo na wewe, kwa kweli anakulilia. Lakini watu wa kundi wanasema uliwachafua. Ile habari ya ukumbini imefika hadi huko juu. Wanataka urekebishe." Alikohoa. "Utume sauti. Fupi tu. Kwamba siku ile ulichanganyikiwa, sukari ilikuwa imepanda. Basi. Nitaipeleka kwenye kundi, na wafadhili wataisikia."

Tukuswiga alihamishia simu sikio la pili.

"Dada? Erica keshakufa, huwezi kumrudisha. Wewe bado upo."

"Na namba?"

"Namba si unajua mwenyewe." Clever alishusha sauti. "Hawa safari hii wanataka kundi lenye nidhamu. Ijumaa, dada. Mimi nakupenda, ndiyo maana nimepiga."

Simu ilipokatika, alikiinua kichupa, akakitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Kilichobaki kilikuwa kimejikusanya pembeni, cheupe kama maziwa yaliyosahaulika kikombeni. Kichwa kilikuwa kinauma, na macho yalikuwa yanaona mbuni wa nje ukiwa miwili.

Alikaa kitandani. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akakiachia, akafuta. Akabonyeza tena.

"Shikamooni wapendwa. Ni mimi, Tukuswiga wa Itaka. Siku ile mjini nilikuwa nimechanganyikiwa. Sukari ilikuwa imenipanda, nikasema nisiyoyajua. Namba zetu zote ni za kweli. Naomba mnisamehe, mnirudishe nyumbani."

Sauti yake ilitoka safi, moja kwa moja, haikutetemeka mahali popote. Uani, mahindi yaliacha kupukuchuliwa. Nesta alikuwa amesimama mlangoni na gunzi mkononi, na Tukuswiga, bila kuinua macho, akatuma.